Katuba: feza ya mkaaji ikiingia sokoni, inainua uchumi wa nani?

Lubumbashi. – Katika komine ya Katuba, hali ya uchumi haisomwi kwanza katika ripoti za Banki Kuu. Inasomwa kwenye meza ya unga. Mishahara ikitoka, watu wananunua mfuko wa kilo 25. Mambo yakikaza, wananunua kwa meka. Na hata meka ikipanda bei, mama anamtuma mtoto na sahani, alete unga wa bukari ya usiku huu tu, ya kesho itajulikana kesho. Muuzaji ambaye amekaa kwenye kona moja miaka kumi hangoji mtu amwambie kama konjonktire imeingia. Anaona mifuko inabaki imefungwa, na kopo la kupimia halipumziki.

Kila mara bei ya shaba inapoanguka duniani, mabishano ni yale yale, kwenye taksi-basi, kwenye vikao vya familia, hata kanisani baada ya ibada. Wengine wanasema: kila mtu abane feza yake mpaka dhoruba ipite. Wengine wanajibu: kama wote wanabana, nani atanunua sombe ya yule mama, nani atashonesha nguo, nani atapanda moto? Swali hili si la wataalamu peke yao. Kwa familia ya Katuba, jibu lake linaamua kama mtoto ataendelea na masomo au atakaa nyumbani mpaka mwaka ujao.

Mwingereza John Maynard Keynes aliliweka swali hili kwenye kitabu mwaka wa 1936, dunia ikiwa bado inatoka katika mdororo mkubwa ulioanza 1929. Wazo lake linaweza kuelezwa kwa maneno ya soko: feza ambayo mmoja anatoa ndiyo feza ambayo mwingine anapata. Watu wote wakiogopa pamoja na kuficha feza chini ya godoro siku moja, mauzo yanakufa, wafanyakazi wanafukuzwa, na mwisho wote wanakuwa maskini zaidi, hata yule aliyefikiri anajilinda. Ndiyo sababu tangu wakati huo serikali nyingi, uchumi ukianguka, zinatafuta namna ya kuweka feza mikononi mwa watu ili wanunue.

Marekani ilifanya hivyo mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, kwa kupeleka hundi ya dola 1,200 kwa watu wazima wengi. Japani mwaka wa 1999 iligawa kuponi za kununulia vitu, za yeni 20,000 kwa kila mtu aliyestahili, kwa familia zenye watoto na kwa wazee wenye mapato madogo. Lakini Katuba haijawahi kuona hundi ya namna hiyo. Na hata kama ingekuja, historia ya Lubumbashi inaonyesha kwamba jambo la kwanza la kuuliza si kiasi cha feza inayoingia sokoni. Ni njia ambayo inatokea.

Mji ambao shaba iliuzaa

Lubumbashi ilianzishwa mwaka wa 1910, ikiitwa Élisabethville, kwa sababu ya shaba. Tangu mwanzo mji ulijifunza kwamba mwenye kuuinua na kuuangusha anakaa mbali. Mdororo wa 1929 ulipofika Katanga, kampuni ya Union Minière ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika katika miaka michache tu. Wengi walirudishwa vijijini. Hakuna mkaaji wa mji ambaye angeweza kuzuia jambo hilo kwa kununua samaki wengi zaidi sokoni.

Katuba yenyewe ilianza kujengwa karibu mwaka wa 1950, wakati shaba ilikuwa inalipa vizuri. Haikuwa kambi ya kampuni. Katika kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines, mfanyakazi alipata nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali. Katuba ilikaa kando: watu wa serikali, wa reli, waashi, mafundi wa kushona, walimu, wauzaji. Hata hivyo jina la kartie moja ya komine hii, Mwana Shaba, linaeleza lote. Siku mshahara unapotoka kambini, Katuba ilikuwa inajua kabla ya jua kushuka, maana mafundi walianza kulipwa madeni yao na bar zilianza kupiga muziki.

Kisha ule mti mkubwa ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kila mwaka. Mwaka wa 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000 kwa mwaka. Wafanyakazi walibaki kwenye orodha, lakini mishahara haikuja, mwezi baada ya mwezi. Wakati ule wababa waliokuwa wamezoea posho walianza kulishwa na meza ndogo ya mama mbele ya nyumba: mafuta kwenye vichupa, makala kwenye vifungu, sukari kwenye vifuko vidogo. Artikle 15, kama kawaida.

Dola 4,000 na taksi-basi nyingi

Mwaka wa 2003 kukatokea jambo ambalo wachumi wangelitamani kama jaribio. Kwa feza ya Banki ya Dunia, serikali ilipanga ile ambayo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinaiita mpaka leo departi volontere, kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuacha kazi na kupewa feza ya mara moja. Jumla ilikuwa karibu dola milioni 43. Ukigawanya, ni karibu dola 4,000 kwa mtu, ingawa wengine walipata zaidi sana na wengine chini sana, kufuatana na cheo na miaka ya kazi.

Hebu mtu afikiri: mamilioni ya dola yanaingia ghafula katika miji ambayo ilikuwa imekaa miaka bila mshahara wa kweli. Kama kununua kwa watu kunatosha kuinua uchumi, basi Lubumbashi ya 2004 ingepaswa kuinuka.

Na kwa kweli, kwa muda, ilichangamka. Watu walilipa madeni. Walilipa minervali za watoto. Walipiga mabati mapya, walinunua televisheni, walifanya ndoa zilizokuwa zimengoja. Wengi walinunua magari yaliyotumika, yaliyotoka Japani kwa njia ya Dubai au ya bandari za Afrika ya Kusini na Tanzania, wakaweka dereva ili yafanye taksi-basi. Wengine walifungua duka, wengine wakaenda kulima.

Halafu feza ikaisha. Taksi-basi zilikuwa nyingi kuliko abiria wenye feza, na vipuri vyake vilinunuliwa nje. Duka lilikuwa linatazamana na duka la jirani, vitu ni vile vile. Familia kubwa zilikuwa na njaa ya miaka, na mtaji uliliwa kidogo kidogo kwenye sahani. Kosa lao lilikuwa wapi? Si kweli kwamba walikula feza kwa upumbavu, kama wengine walivyosema wakati ule, tena kwa mdomo uliojaa. Mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara, akipewa feza, analipa kwanza shule na deni. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili anavyofanya. Lakini nyuma ya feza ile hapakuwa na mshahara wa mwezi uliofuata, na sehemu kubwa ya vitu vilivyonunuliwa haikutengenezwa Katanga. Feza ilipita Lubumbashi kama msafiri anayebadilisha gari, ikaendelea na safari yake.

Walioondoka waliendelea kudai kwamba kile walichopewa hakikuwa hesabu yao yote. Mwaka wa 2009 malalamiko yao yalifika mpaka kwenye jopo la ukaguzi la Banki ya Dunia. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi mabishano ya departi volontere hayajafungwa hata leo.

Mwaka wa 2009: aliyenunua ni nani?

Miaka michache tu baada ya departi, shaba ilirudi kulipa. Makampuni mapya yalifungua migodi, wachimbaji wa mikono walijaa kila kilima, nyumba za kupanga zikapanda bei. Katikati ya mwaka wa 2008 tani moja ya shaba ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 8,000. Banki za Marekani zilipoanza kuanguka, bei ilishuka mpaka chini ya dola 3,000 mwezi wa Desemba. Ndani ya majuma machache makampuni mengi ya Katanga yalisimamisha kazi. Wenye mamlaka wa jimbo walihesabu waliopoteza mapato, pamoja na wachimbaji wa mikono, kwa mamia ya maelfu.

Pigo halikuishia migodini. Ukuaji wa uchumi wa nchi ulishuka kutoka asilimia 6 hivi mwaka wa 2008 mpaka chini ya asilimia 3 mwaka wa 2009. Akiba ya feza za kigeni ya Banki Kuu ilibaki ya kutosha siku chache tu za kununua vitu nje, na mwezi wa Machi 2009 FMI ilikopesha Kongo dola milioni 195 kwa haraka. Franka, ambayo katikati ya 2008 ilikuwa karibu 560 kwa dola moja, ilifika karibu 900 mwishoni mwa 2009. Bei za vitu kwa mwaka huo zilipanda kwa nusu na zaidi. Mwalimu wa Katuba aliyelipwa kwa franka alipokea karatasi zile zile, lakini meka zilikuwa chache.

Uchumi uliinuka namna gani? Mwisho wa 2009 shaba ilikuwa tena juu ya dola 7,000, na mwaka wa 2010 nchi ilikua kwa asilimia 7. Haukuinuliwa na wakaaji wa Katuba waliojitia moyo na kununua zaidi. Mnamo Novemba 2008 serikali ya China ilitangaza mpango wa yuani trilioni 4 wa kujenga reli, barabara, nyumba na mitambo ya umeme. China peke yake ilikuwa inatumia zaidi ya robo ya shaba yote ya dunia. Nyaya za umeme za majimbo ya China ndizo zilizofungua tena milango ya viwanda vya Likasi na Kolwezi.

Hapa kuna jibu la kwanza, na si tamu. Ndiyo, matumizi yanaweza kuinua uchumi ulioanguka. Lakini kwa mji unaoishi kwa kuuza kitu kimoja nje, matumizi yanayohesabika ni ya mnunuzi wa mbali.

Mwaka wa 2020 ulileta mfano mwingine wa namna hiyo. Mwezi wa Machi, mara tu watu wawili waliosadikiwa kuwa wagonjwa walipoonekana, gavana Jacques Kyabula alifunga Lubumbashi kwa saa 48. Baadaye baadhi ya migodi iliwafungia wafanyakazi wake ndani, kwa majuma mengi, ili uzalishaji usisimame. Mfanyakazi akifungiwa mgodini, haji kunywa bia Katuba, haji kununua viatu, hapandi moto. Ukuaji wa nchi mwaka huo ulikuwa chini ya asilimia 2. Lakini Wamarekani, wamekaa nyumbani na hundi zao, walinunua kompyuta, mashine za kufulia, vifaa vya kujengea. Viwanda vya China vilifanya kazi usiku na mchana, na mwezi wa Mei 2021 shaba ilipita dola 10,700 kwa tani, bei ambayo haikuwa imeonekana kabla ya hapo. Hundi ile haikuwa sababu pekee. Lakini si uongo kusema kwamba mama wa nyumba wa Ohio aliyebadilisha friji yake aliifanyia Katanga kazi kubwa zaidi kuliko mtu yeyote wa kartie ya Mwana Shaba.

Njia ya feza

Je, hii inamaanisha kwamba kununua kwa wakaaji wenyewe hakuna faida yoyote? Hapana, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini.

Tuseme, kwa mfano tu, mwalimu anatumia franka 100. Kama 80 kati ya hizo zinabaki Lubumbashi, aliyezipata naye akitumia, na 80 kwa mia ya hizo zikabaki tena, na kuendelea hivyo, zile 100 za kwanza mwishoni zinakuwa zimefanya biashara ya franka 500. Lakini kama ni 30 tu zinazobaki na 70 zinavuka mpaka, jumla yote haifiki hata 150. Mwalimu ni yule yule, moyo wa kununua ni ule ule. Tofauti iko kwenye kitu anachonunua na mahali kilipotengenezwa.

Sasa tuangalie kikapu cha Katuba. Unga wa mahindi: sehemu kubwa unatoka Zambia, kwa njia ya Kasumbalesa. Sabuni, mafuta ya kupikia, sukari, vyandarua, simu, mabati: vingi vinatoka nje. Mitumba inatoka Ulaya na China. Mafuta ya gari yanatoka nje yote. Kinachobaki ni makala, sombe na lengalenga za bustani za kandokando ya mji, nyama kidogo, bia ya Simba na Tembo, kazi ya fundi, kusuka nywele, kodi ya nyumba, usafiri wa moto. Vitu hivi si vidogo. Ndivyo vinavyoshika watu wengi kazini, hasa wamama na vijana. Lakini kitu kizito kuliko vyote, bukari, kinavuka mpaka.

Kwa hiyo konjonktire inapokuja, familia inafanya jambo la kusikitisha bila kukusudia. Inakata kwanza vile vinavyotengenezwa hapa: fundi wa kushona anangoja, dada wa kusuka nywele anangoja, mwashi anangoja. Unga haukatwi, maana tumbo halingoji. Feza kidogo iliyobaki ndiyo inayokimbilia nje kwa asilimia kubwa zaidi. Jirani ndiye anayeumia wa kwanza.

Kenya imetoa mfano unaoonyesha upande wa pili. Katika wilaya ya Siaya, magharibi mwa nchi hiyo, kuanzia 2014 shirika la GiveDirectly liligawa karibu dola 1,000 kwa kila familia maskini, kwa familia zaidi ya 10,000, katika eneo la vijiji 653. Wachunguzi, pamoja nao Edward Miguel wa chuo kikuu cha Berkeley, walifuata feza ile ikipita mkono hadi mkono. Waliona kwamba kila dola moja ilizaa shughuli za kiuchumi za karibu dola mbili na nusu. Hata familia zisizopewa kitu zilifaidika, maana ndizo zilizouza. Na bei hazikupanda ila kidogo sana, karibu sehemu moja kwa elfu.

Kwa nini Siaya ndiyo na Lubumbashi ya 2004 siyo? Mashine ya kusaga ya kijiji cha Siaya ilikuwa inakaa bure nusu ya siku. Wateja walipoongezeka, mwenye mashine hakuhitaji kununua nyingine, aliiwasha tu. Mahindi yalikuwa ya shamba la jirani. Feza ilikuta mikono iliyokuwa tayari kufanya kazi. Tena wengi walipewa kwa awamu, wakijua feza inayofuata itakuja lini. Lubumbashi nayo ina mashine za kusaga, ina mafundi wanaokaa bure nusu ya siku. Mikono haikosekani. Kinachokosekana ni mahindi ya karibu, umeme usiokatika, na barabara ambayo gunia linaweza kupita wakati wa mvua bila kuongeza bei mara mbili.

Hofu na deni

Kuna jambo lingine ambalo hesabu za vitabuni zinalipita haraka. Ili mtu anunue, lazima aamini kesho. Katuba imeona feza yake ikibadilishwa jina na kufutwa sifuri, banki zikikosa feza za wateja katika miaka ya 1990, mishahara ikichelewa. Kwa hiyo mwenye kupata kidogo anabadilisha kuwa dola, anaficha. Au anaingia likelemba na wenzake: kila mwezi mmoja anabeba ya wote. Wachumi wa serikali wangependa feza hiyo izunguke, lakini ni vigumu kumlaumu mama ambaye likelemba ndiyo banki pekee ambayo haijamdanganya.

Tena sehemu ya kununua kunakoonekana sokoni si feza, ni deni. Mtumishi wa serikali anakopa kwa Banki Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, na mara nyingi riba ya mwezi mmoja inafika asilimia 30 au zaidi. Mwezi huo soko linachangamka. Mwezi unaofuata mshahara wake unapita moja kwa moja mkononi mwa mkopeshaji, na meza ya unga inaona meka badala ya mfuko. Matumizi ya namna hiyo yanakopa mauzo ya kesho ili kuyauza leo. Mtu asiyatie katika hesabu ya kuinuka kwa uchumi.

Yaliyojaribiwa

Viongozi wa jimbo hawakukaa bila kuona. Moïse Katumbi, akiwa gavana wa Katanga ya zamani kati ya 2007 na 2015, alitaka kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Makampuni mengine yalilima kwa bidii, mengine yalilima karibu na barabara ili yaonekane. Wazo lilikuwa zuri, kwa maana liligusa kabisa ule mlango ambao feza ya Lubumbashi inatokea. Lakini baada ya miaka yote hiyo, ukame ulipoipiga Zambia mwanzoni mwa 2024 na Lusaka ikazuia mahindi yake yasitoke, Lubumbashi ilishituka kama siku zote. Bei ya unga ilipanda. Franka ambayo ingeenda kwa fundi wa kushona ilienda kwenye meka.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, baada ya Kinshasa kukataza bia na vinywaji vitamu kutoka nje ili kulinda viwanda vya ndani, Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa, pamoja na Mokambo na Sakania, kwa siku chache. Magari yalipanga mstari, wafanyabiashara walihesabu hasara. Wenye kiwanda cha bia walikuwa na sababu ya kufurahi, na wafanyakazi wao pia: chupa inayonunuliwa Katuba inalipa mshahara Lubumbashi. Lakini siku zile chache ziliwakumbusha watu pia kwamba huwezi kugombana kwa urahisi na jirani anayekuletea chakula.

Mwaka wa 2025 ulikuja na fumbo lake. Franka, iliyokuwa karibu 2,850 kwa dola moja mwanzoni mwa mwaka, ilipata nguvu mpaka chini ya 2,500 kabla mwaka haujaisha. Kwa karatasi, mwalimu na polisi wanaolipwa kwa franka walikuwa wametajirika kidogo. Wangeweza kununua zaidi, na hiyo ndiyo dawa ya Keynes bila hundi yoyote. Sokoni mambo hayakwenda haraka hivyo. Wauzaji waliokuwa wamenunua vitu kwa dola ghali hawakutaka kushusha bei, wenye nyumba waliendelea kudai kodi kwa dola, na waliokuwa wameficha dola chini ya godoro waligundua kwamba akiba yao imepungua bila kuguswa. Bei zina mazoea ya kupanda ngazi mbio na kushuka kwa kujishikilia ukutani.

Upande wa madini, mwaka huo huo serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje kuanzia mwezi wa Februari, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, kisha ikaanzisha kiasi maalumu kwa kila kampuni kuanzia Oktoba. Wakati huo shaba inatoka kwa wingi ambao Gécamines ya miaka ya 1980 haikuwahi kuota: Kongo sasa ni ya pili duniani, na mwaka wa 2024 ilitoa zaidi ya tani milioni 3. Kama wingi wa uzalishaji ungekuwa sawa na wingi wa wanunuzi, Katuba isingekuwa inanunua unga kwa sahani. Migodi ya leo ina mashine kubwa na watu wachache, wengi wao kwa mikataba mifupi ya makampuni ya kupanga wafanyakazi. Siku ya mshahara haisikiki tena kutoka kambini kama zamani.

Kwa hiyo wanaosema wakaaji watumie zaidi ili kuinua uchumi wanasema nusu. Dawa ya karibu zaidi, na ambayo haihitaji Banki ya Dunia, ni serikali kulipa kwa wakati: walimu, wauguzi, watumishi wa komine, wastaafu, na makampuni madogo yaliyokwisha kumfanyia mkubwa kazi na bado yanangoja hati yao itiwe sahihi. Feza hiyo si zawadi, ni deni. Mstaafu anayelipwa kila mwezi, bila kukosa, ananunua kwa fundi wa karibu kwa sababu anajua mwezi ujao utakuja. Anayelipwa mara moja kwa miaka miwili ananunua kama waliotoka Gécamines: anafunika mashimo yote kwa siku moja.

Kuhusu unga, hesabu ni ngumu zaidi. Udongo upo, mvua ipo, na Haut-Katanga si jangwa. Lakini mkulima wa Kipushi au Kasenga anayeleta gunia lake mjini analipa barabara, vizuizi na kodi zisizo na risiti, kisha anakuta mfuko wa Zambia, uliosagwa tayari na kufungwa vizuri, unauzwa bei ambayo hawezi kuifikia. Mama wa Katuba hawezi kuombwa alipe zaidi kwa ajili ya kupenda jimbo lake. Ananunua ule wa bei ndogo, na angekuwa na kosa gani?

Mwaka wa 2025 Zambia ilivuna mahindi zaidi ya tani milioni 3.6, mavuno makubwa kuliko yote yaliyoandikwa katika historia yake. Kwenye barabara ya Kasumbalesa magari mazito yanaendelea kupishana usiku kucha, yale yanayoshuka kusini yakiwa na vipande vya shaba vilivyofungwa kwa vyuma, na kati ya yale yanayopanda kuelekea Lubumbashi, mengi yana turubai juu na unga chini yake.